Amehama

Muhula wa pili wa mwaka 2016 nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi ya serikali, Kaunti ya Kilifi. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 60, wamebanana watatu watatu kwenye madawati ya wawili, na dirisha moja lisilo na kioo lililoelekea mwembe. Chini ya dirisha hilo alikaa msichana mwenye mwandiko uliowashinda wote. Jina lake silitaji. Alikuwa akichonga penseli kwa wembe mpaka ncha ikawa nyembamba kama mwiba wa samaki, kisha akaandika taratibu, bila kukandamiza, isije ikavunjika.

Siku ya kwanza alipokosa nilitia kiduara chekundu kwenye rejesta. Wiki ikaisha na viduara vitano. Wiki ya pili nikamtuma mwanafunzi wa mtaa wake akaulize, akarudi na jibu fupi: mama yake amesema haji tena. Jumatatu iliyofuata mama mwenyewe alifika, akasimama kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Alikuwa amejifunga leso vizuri, na mikononi ameshika sare ya mwanawe, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne.

"Bwana asifiwe, mwalimu."

"Amina, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliniambia kwa upole kwamba nyumba yao imeonyeshwa njia. Masomo ya dunia ni ya dunia, na dunia inapita. Mtoto atafundishwa Neno nyumbani na kanisani. Hospitali nayo wameiacha. "Nimerudisha sare," akasema, "mpe mtoto mwingine asiye nayo. Sisi hatuihitaji tena."

Nikamuuliza kama baba wa mtoto amekubali. Akasema baba ndiye aliyetangulia kuiona nuru. Nikamuuliza mtoto mwenyewe anasemaje. Hapo alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza kuku wake wanasemaje.

"Mtoto ni wangu, mwalimu. Na kila mtu ana haki ya imani yake. Katiba imesema."

Nikapokea sare. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akisahihisha madaftari alingoja mama afike getini, kisha akaniambia, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Na mimi nikaridhika. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu alitaka rejesta zote ziwe safi, zisiwe na viduara vyekundu visivyo na maelezo. Kwenye safu ya maelezo, mkabala na jina la yule msichana, nikaandika neno moja: Amehama.

Hakuwa amehama. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika 20 kutoka shuleni, na kila jioni matatu niliyopanda ilipita mbele yake.

Kanisa lao lilikuwa banda la makuti, la watu wachache, halina uhusiano wowote na lile ambalo dunia nzima ingekuja kulijua. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nakwenda kuokota kisa changu juu ya makaburi ya wengine. Lakini ilipofika Aprili 2023, redio ya matatu ikaanza kutaja Shakahola, niliteremka kituo kimoja kabla ya changu nikaenda kwa miguu. Lugha ile nilikuwa nimeshaisikia. Niliisikia kwa sauti ya upole, mlangoni mwa ofisi ya walimu.

Yaliyotokea Shakahola tumeyasikia mara nyingi hata tunadhani tunayajua, kwa hiyo nitayapanga upya kwa mtiririko ambao mwalimu huyaona. Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi kabla hajaanzisha kanisa lake la Good News International mwaka 2003. Alihubiri kwamba shule ni za shetani na hospitali ni kukosa imani, na mahubiri yake yalirushwa kwa televisheni na kwa intaneti, yakamfikia mtu yeyote mwenye simu, Pwani na bara. Mwaka 2017 polisi walimkamata, akashtakiwa kwa mambo yaliyohusu watoto kuzuiwa kwenda shule. Kesi ile haikumzuia kuendelea. Mwaka 2019 serikali ilipoleta usajili wa Huduma Namba, yeye aliupinga akisema ni alama ya mnyama, na watu waliokuwa tayari wanaogopa kuchukuliwa alama za vidole na kompyuta walimwelewa haraka kuliko walivyoielewa serikali. Mwaka huo huo akafunga kanisa la mjini, wafuasi wakaanza kuhamia msituni Shakahola, upande wa bara ya Malindi, kwenye ardhi ya ekari kama 800. Makazi ya huko yalipewa majina ya Biblia. Watu waliuza nyumba, wakaacha kazi, wakaenda na watoto wao.

Machi 2023 alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata polisi waliingia msituni wakakuta watu waliobaki ngozi na mifupa. Waokoaji walisimulia kwamba baadhi yao walikataa maji na uji waliopewa. Kisha makaburi yakaanza kufunguliwa. Hesabu ya miili ilipita 400. Wataalamu wa serikali waliochunguza maiti walieleza kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba kati ya watoto wamo walionyongwa au kuzibwa pumzi. Upande wa mashtaka ulidai kwamba saumu ile ilikuwa na utaratibu wake, watoto ndio watangulie. Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, mbali na mashtaka ya ugaidi na ya kuua bila kukusudia. Walikana mashtaka yote.

Watoto 191. Ukiwapanga watatu watatu kwenye dawati, wanajaza madarasa matatu ya shule yangu.

Nchi nzima iliuliza serikali ilikuwa wapi, na swali hilo ni la haki. Polisi walipata ishara zaidi ya moja wakazipuuza. Ila mimi swali lililonikosesha usingizi lilikuwa la karibu zaidi. Mamia ya watu hawaingii msituni kwa usiku mmoja. Kila nyumba iliyokwenda kule iliacha nyuma yake dawati tupu mahali fulani, kadi ya kliniki iliyokatikia katikati, kitanda na kabati vilivyouzwa kwa bei ya kutupa kwa jirani aliyefurahia bahati yake. Kulikuwa na muuguzi aliyeona mtoto hajarudi kuchanjwa. Kulikuwa na boda boda aliyebeba mizigo. Na bila shaka kulikuwa na walimu walioandika kwenye rejesta zao neno lile lile nililoliandika mimi.

Nilichukua Katiba nikaisoma tena, safari hii kama mtu anayetafuta kosa lake. Mama yule alikuwa amesema kweli. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, mawazo, imani na maoni. Kinamruhusu kuudhihirisha peke yake au pamoja na wenzake, hadharani au faraghani, kwa ibada, kwa mafundisho na kwa kushika siku zake takatifu. Hakuna neno pale la kumwomba mtu ruhusa. Ni kifungu kizuri na sitaki kipunguzwe hata nukta.

Lakini Katiba ile ile, iliyotangazwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, ina kifungu cha 25, kifupi kuliko watu wanavyokidhania, kinachotaja mambo manne tu yasiyoguswa kwa hali yoyote: kutoteswa na kutodhalilishwa, kutofanywa mtumwa, kupata haki katika kesi, na kufikishwa mbele ya mahakama unapozuiliwa. Uhuru wa dini haumo katika yale manne. Maana yake unaweza kuwekewa mpaka, na kifungu cha 24 kinaeleza mpaka huo unawekwa vipi: kwa sheria iliyoandikwa, kwa kiasi kinachoelezeka katika jamii iliyo wazi, kwa njia isiyobana kuliko inavyohitajika, na anayetaka kubana ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ndani ya kifungu hicho mna sharti moja ambalo ningelijua kwa moyo mwaka 2016 pengine ningeongea: kwamba mtu anapofaidi haki yake isiwe kwa kudhuru haki ya mwingine. Halafu kuna kifungu cha 53. Mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, ya chakula, makao na matibabu, na katika kila jambo linalomhusu maslahi yake ndiyo ya kwanza. Kifungu hicho hakikusema ni haki ya mzazi kuamua kama mtoto atazipata. Kilisema mtoto.

Kwa hiyo mpaka ulikuwepo, umeandikwa, hauhitaji kutungwa. Hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikuwa imeutafsiri kwa lugha ya shuleni: mwanafunzi akikosa bila sababu, shule ifanye uchunguzi, mzazi aarifiwe kwa maandishi, na bodi ya elimu ya kaunti ipelekewe taarifa. Shule ilikuwa na wajibu, na mimi ndiye niliyekuwa na rejesta. Mama aliijua Katiba kwa mstari mmoja akausimamia. Mimi niliyesoma zaidi yake nilinyamaza, nikakiita kimya changu heshima.

Kwa nini tunakiita hivyo? Sipendi kujibu kwamba Wakenya ni waoga au hawajali. Ukweli una mizizi mirefu zaidi, na mtu asiyeutazama atatoa dawa isiyofaa.

Sisi ni watu tulioona dini ikibanwa na serikali, tukaona pia dini ikitukinga na serikali. Wakoloni walipiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde. Serikali huru ikaja kuipiga marufuku tena mwaka 1968. Mwaka 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, gazeti la Beyond la Baraza la Makanisa lilipoandika jinsi kura zilivyochezewa, lilifungwa. Miaka ile hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema waziwazi isipokuwa watu wachache, na wengi wao walikuwa wamesimama kwenye mimbari: Henry Okullu, David Gitari, Timothy Njoya, Alexander Muge. Muge alitishwa na waziri hadharani asithubutu kwenda Busia, akaenda, akafa katika ajali ya barabarani akirudi, Agosti 1990. Tarehe 7 Julai 1997, watu waliokuwa wakidai mabadiliko ya Katiba walikimbilia ndani ya kanisa la All Saints, Nairobi, na polisi wakawafuata humo humo kwa virungu na gesi ya machozi. Huku Pwani Waislamu wana kumbukumbu zao, tangu chama cha Kiislamu cha IPK kiliponyimwa usajili mwaka 1992 mpaka Februari 2014, polisi walipouvamia Msikiti Musa, Majengo, Mombasa, wakawazoa vijana kwa jumla.

Sasa mwambie mtu mwenye kumbukumbu hizo kwamba afisa wa serikali atabisha hodi kwenye nyumba ya ibada kuuliza maswali. Moyo wake utasema hapana kabla masikio hayajasikia sababu. Mlango wa kanisa tuliufunga kwa nguvu kwa sababu tulikuwa tunamjua aliyekuwa nje. Hatukuwa tumejifunza kuangalia nani amefungiwa ndani.

Ndiyo maana Januari 2016, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alipoleta rasimu ya kanuni mpya za mashirika ya kidini, zilizotaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia na hati ya polisi ya tabia njema, makelele yalitoka pande zote, makanisa makubwa na madogo, na Waislamu nao. Kabla mwezi haujaisha Rais Uhuru Kenyatta aliagiza mashauriano yaanze upya. Nilifurahi siku ile, sikufichi. Na hata leo, pamoja na yote niliyoyaona baadaye, naamini rasimu ile ilikuwa imelenga mahali pasipo. Cheti cha theolojia kinapima kama mhubiri anajua Kigiriki cha Agano Jipya. Hakipimi kama mtoto wa muumini amekula.

Waganda walishalipa ada ya somo hilo. Machi 17, 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye miili mingine ikafukuliwa chini ya nyumba za viongozi wao. Waliokufa kwa jumla walizidi 700. Vuguvugu lile lilikuwa limesajiliwa. Karatasi zake zilikuwa sawa. Joseph Kibwetere, mmoja wa viongozi wake, alikuwa amewahi kuwa mtu wa kuheshimika, mwanasiasa na mwenye shule. Kama mpaka wa uhuru ni mhuri wa ofisi ya usajili, Kanungu walikuwa ndani ya mpaka hadi siku ya moto.

Rwanda nayo, mwaka 2018, ilifunga maelfu ya makanisa kwa sababu za majengo, usafi na kelele, kisha ikatunga sheria inayowataka viongozi wa dini wawe na shahada. Wapo Wakenya waliotamani hivyo baada ya Shakahola, na naielewa hasira yao. Lakini unapofunga makanisa maelfu kwa pamoja, bibi kizee aliyekuwa akisali kwenye banda la matofali mabichi bila kumdhuru mtu amenyang'anywa, na mjanja mwenye fedha amejenga ukumbi wenye vyoo safi. Huyo mjanja ndiye anayenitisha.

Basi mpaka uko wapi? Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, nikiwa chumba cha walimu, nikiwa kwenye matatu, nikiwa kanisani kwangu mwenyewe Jumapili, na ninaamini swali la kwanza la kuuliza ni dogo sana: gharama ya imani hii inalipwa na nani? Mtu mzima akifunga siku 40, tumbo ni lake. Akigawa mali yake yote, akaacha kazi, akakataa sindano, nitamsihi kama ndugu, nitamletea watu wa kumshauri, lakini sitamburuta. Uhuru usiomruhusu mtu kukosea katika mambo ya nafsi yake umebaki jina. Ila anapomwambia mtoto wa miaka tisa asile, asisome, asitibiwe, anayelipa si yeye. Anayelipa ni mtu ambaye hawezi kutoka kwenye kanisa hilo hata akitaka, asiye na nauli, asiye na simu, asiye na mahali pa kulala ila kwa huyo huyo anayemnyima. Hapo imani ya mzazi imekwisha kuvuka kizingiti cha nafsi yake na kuingia katika mwili wa mtu mwingine.

Mtu atasema kipimo hicho kinaweza kutumiwa dhidi ya kila dini ndogo. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipokumbuka kesi ya mwaka 2019. Msichana mmoja Nairobi alikataliwa na shule ya upili kwa sababu ya rasta zake. Familia yake ni Warastafari na nywele zile ni sehemu ya imani yao. Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni dini kama nyingine na kwamba shule imemkosea. Kanuni ya nywele ya shule ilishindwa na imani ya familia moja, tena dini isiyo na askofu wala sheikh wa kuitetea kwa waziri. Na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu nywele za yule binti hazikumdhuru mtu. Yeye alikuwa akigonga mlango wa shule aingie. Mwanafunzi wangu alikuwa akitolewa. Katiba moja, kifungu kimoja, na watoto wawili wa umri wa kwenda shule. Sioni ugumu wa kujua ni wapi mlango ufunguliwe na wapi mtu abishe hodi.

Kubisha hodi ndilo jambo lililokosekana, na hapa ndipo ninapoona mabadiliko ya maisha yetu yametuacha uchi. Zamani, na sizungumzii zamani ya hadithi, nazungumzia utoto wangu, mtoto alikuwa na watu wengi wa kumwuliza. Shangazi akija akamkuta hajaenda shule atataka sababu. Mjomba ana sauti. Babu ana sauti kubwa zaidi, na mzee wa mtaa akinusa jambo anaingia uani bila kualikwa, anaketi, anaomba maji, na hayo maji anayanywa polepole mpaka ajue kinachoendelea. Watu walikosa faragha, na mara nyingi wazee wale waliitumia sauti yao vibaya, hasa juu ya wanawake. Nisisifu yote. Wanawake wengi wamepumua kwa sababu Katiba ilimwambia kila mmoja wao kwamba yeye ni mtu kamili na hana haja ya idhini ya ukoo.

Lakini tulipomwondoa mzee uani hatukuweka mtu mahali pake. Tunaishi nyumba za kupanga, mlango kwa mlango, na hatujuani majina. Mhubiri haji tena kijijini kwa miguu ambapo wazee wangemwona na kumpima; anaingia kwa simu saa nne usiku, mama amelala upande mmoja akisikiliza kwa kisikilizio, na hata mumewe hajui. Sheria ilisema kazi ya kumwangalia mtoto sasa ni ya afisa wa watoto. Afisa huyo ana meza moja, faili mlima mzima, na eneo ambalo boda boda hulizunguka kwa siku nzima. Atajuaje, kama mwalimu aliye karibu na dirisha ameandika kwamba mtoto amehama?

Na hodi ninayoisema haina ukali. Siiwazii na bunduki. Naiona hivi: naibu wa chifu na mwalimu, pengine na mchungaji wa kanisa jirani, wamefika jioni. Hawaulizi mnasali siku gani, hawaulizi mnaamini nini kuhusu mwisho wa dunia. Wanaomba kumwona mtoto. Wanaomba kadi ya kliniki. Wanamwuliza mtoto mwenyewe, kando kidogo, chini ya mwembe, amekula nini leo. Kama majibu ni mazuri wanakunywa chai na kuondoka, na kanisa linaendelea na ngoma zake usiku kucha. Kama mtoto hayupo, au yupo na mbavu zinahesabika, sheria ina njia zake na hakimu yupo. Hiyo ndiyo njia isiyobana sana ambayo kifungu cha 24 kinaitaka. Ni ndogo kuliko msako, ndogo kuliko marufuku, ndogo kuliko Muswada wa Mashirika ya Kidini wa 2024 ambao Seneti iliuanza baada ya maafa. Muswada ujadiliwe, sina ubishi. Lakini hakuna muswada utakaotembea dakika 20 kutoka shuleni mpaka nyumbani kwa mtoto.

Niliwahi kuyasema haya kwenye mkutano wa wazazi mwaka 2024. Baba mmoja akasimama, mtu wa heshima, mzee wa kanisa, akaniuliza: "Mwalimu, na siku serikali mbaya ikirudi, si itatumia hiyo hodi yako kutuingilia?" Nilimjibu kwamba ni kweli, itajaribu. Ndiyo maana nataka hodi iwe yetu kwanza, ya mwalimu, jirani na mchungaji, kabla haijawa ya polisi. Serikali hupata kisingizio cha kuingia na buti pale majirani walipokataa kuingia na ndara. Baada ya maiti za Shakahola nani angeweza kumwambia polisi asiingie?

Hakuniridhia kabisa yule baba. Alitikisa kichwa, akaketi. Sikumlaumu, yeye alikuwa All Saints mwaka 1997.

Julai na Agosti 2025, mahali paitwapo Kwa Binzaro, bara hiyo hiyo ya Malindi, makaburi yakafukuliwa tena. Miili zaidi ya 30. Tena watoto wamo. Tena kulikuwa na watu waliohama kutoka mahali fulani, wakiacha madawati.

Baada ya habari za Aprili 2023 nilikwenda kwenye ile nyumba, baada ya miaka saba ya kuipita kwa matatu. Nilikuta wapangaji wengine, kijana na mkewe na mtoto mchanga, wamehamia kutoka Mariakani. Hawakuwahi kuwasikia waliowatangulia. Mwenye nyumba alikumbuka kwamba waliondoka na gari la kukodi, na kwamba hawakudaiwa kodi. Watu wazuri, akasema. Watulivu.

Siku iliyofuata niliomba ufunguo wa stoo. Rejesta za zamani huwekwa humo chini ya mipira iliyotoboka na chaki zilizoloana. Ya 2016 ilikuwa imeliwa na mchwa kwenye kona, lakini ukurasa wa darasa la nne ulisomeka wote. Nilifuata jina kwa kidole. Viduara vyekundu vimejipanga, vitano, vitano, vitano. Kwenye safu ya maelezo, neno langu, kwa mwandiko mzuri. Kando yake pana nafasi ya kujaza shule ambayo mtoto amekwenda. Niliiacha tupu, na hakuna aliyeniuliza.